Kilwa Mbele ya Mashahidi Wake

Aliyepata kuvuka mlango wa bahari kutoka Kilwa Masoko hadi Kilwa Kisiwani, hasa baada ya mvua za masika kupiga na kuuchimbua udongo wa ukingoni, huenda amepata kuonyeshwa na mtoto wa kisiwani kitu ambacho kwa jicho la haraka hakipambanuki na gamba la samaki lililokauka: kipande cha shaba, chembamba, upana wake kama ukucha wa kidole gumba, kilicholiwa na kutu ya kijani hata kikameguka pembezoni. Nilipotiliwa kimoja kiganjani nilikisugua polepole, nikakikingia jua kwa ubavu, na ndipo herufi za Kiarabu zilipoanza kuinuka, upande mmoja jina la mfalme, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu yaliyotungwa kwa kina kimoja na jina lile, kana kwamba sarafu nzima ni ubeti wa vipande viwili, ambao msomaji wake hana budi kuugeuza ili aumalize. Mwaka haukuwamo, wala jina la mji. Nilimrudishia mwenyewe mali yake, nikapanda mashua, na swali nililoondoka nalo ndilo linaloshika sura hii yote: kitu kama hiki, ambacho kweli kilikuwako zama zile na kweli kilipita mikononi mwa watu wa zama zile, kinatwambia nini, na ni nini sisi wenyewe tunachokisemea kisha tukadai kuwa kimesema?

Wanazuoni wa tarikhi huviita vitu hivi vyanzo asilia, nao hukusudia kila kilichobaki kutoka zama zinazosimuliwa, kikiwa ni barua, au kaburi, au hesabu ya mfanyabiashara, au habari iliyoandikwa na mtu aliyeshuhudia kwa macho yake. Lakini jina hilo zuri limewapoteza wengi, kwa kuwa mtu akisikia neno asilia hudhani amefika kwenye chemchemi ambako maji hayana taka, hali shahidi aliyekuwako aweza kusema uongo kama asiyekuwako, aweza kusahau, aweza kuogopa, na zaidi ya yote aweza kuwa hakuulizwa lile tunalotaka kulijua sisi. Wazee wetu waliosoma vyuoni hawakuwa na haja ya kufundishwa jambo hili na mgeni. Elimu ya hadithi iliwazoesha kuuliza kwanza habari ya isnadi, yaani nani kapokea kwa nani, kisha kuyatazama matini yenyewe kama yanasimama. Na mahakama ya kadhi iliwazoesha kutofautisha shahidi na mdai, na kujua kwamba hapana ushahidi mzito kuliko ikrari, mtu anapokiri jambo lililo juu yake mwenyewe. Mimi nitaviazima vipimo hivyo, niwaite mashahidi wa Kilwa mmoja mmoja.

Wa kwanza ni kitabu cha Kiarabu kiitwacho Kitab as-Sulwa fi Akhbar Kulwa, kilichotungwa katika karne ya 16 na mtu wa Kilwa ambaye jina lake halikutufikia, ijapokuwa ametwambia mwaka wa kuzaliwa kwake, nao ni 904 wa Hijra, sawa na 1499 wa Miladi. Katika dibaji anaahidi milango kumi. Tuliyo nayo ni saba tu. Nakala iliyosalia si ya mkono wake bali ni ya mnukuzi wa Unguja wa karne ya 19, nayo ilichukuliwa na Sir John Kirk, balozi wa Waingereza, ikafika London, na maneno yake yakapigwa chapa mwaka 1895. Basi tazama silsila hiyo: mambo ya mwanzo wa mji, yaliyopita mamia ya miaka kabla ya mtungaji kuzaliwa, yamepokewa naye kwa midomo ya wazee na kwa maandiko tusiyoyajua, kisha yakanukuliwa na kunukuliwa tena kwa muda wa miaka kama 350, hata yakafika kwenye wino tunaousoma leo. Tunapofungua ukurasa wa kwanza na kusoma habari za mfalme wa kwanza, tunamsikia mtu wa karne ya 16 akisema watu wa mji wake waliamini nini, na hiyo nayo ni habari ya thamani, mradi tusiitie katika fungu lisilo lake.

Shahidi wa pili aliandika akiwa mbali zaidi. João de Barros alikuwa mwangalizi wa biashara ya Uhindi mjini Lisbon, hakutia mguu pwani yetu hata siku moja, lakini nyaraka za manahodha na za makarani zilipita mezani pake, na katika juzuu ya kwanza ya kitabu chake, Décadas da Ásia, iliyotoka mwaka 1552, akaeleza kuwa amezifuata habari za wafalme wa Kilwa zilizoandikwa na watu wa Kilwa wenyewe. Maelezo yake yanafanana na kitabu cha Kiarabu kiasi cha kuonyesha kwamba vyote viwili vimetoka katika shina moja, na yanahitilafiana kiasi cha kuonyesha kwamba kati ya shina na matawi mikono mingi imepita.

Vyote viwili vinasema kwamba aliyeasisi ufalme alikuwa Ali, mtoto wa sultani wa Shiraz. Kitabu cha Kiarabu kinaleta sababu ya kuhama kwake kwa njia ya ndoto: sultani ameona panya mwenye pua ya chuma akiutoboa ukuta wa mji, akataabiri kwamba nchi itaharibika, akajipakia majahazini pamoja na wanawe. Barros hana panya. Yeye anasema kwamba Ali alizaliwa na mama mtumwa wa Kihabeshi, kwamba ndugu zake waliozaliwa na bibi wa Kiajemi wakimdharau kwa sababu hiyo, na kwamba hilo ndilo lililomwondoa kutafuta nchi ya kuwa mkubwa wake mwenyewe. Sasa nani ameongeza na nani amepunguza? Mtu anayeandika habari za nasaba tukufu ya mji wake ana kila sababu ya kuweka ndoto mahali pa aibu. Na watu wa Kilwa hawakuwa na sababu hata moja ya kumzulia mfalme wao wa kwanza unyonge wa upande wa mama. Kwa kipimo cha ikrari, basi, mimi naelekea kwa Barros katika jambo hili. Lakini sisahau kwamba naye alikuwa akimwandikia mfalme wa Ureno habari za watu ambao Wareno walikuwa wamekwisha kuwapiga, na mshindi hachukii kusikia kwamba aliyemshinda hakuwa mtu wa asili.

Kuna na kisa cha kununuliwa kwa kisiwa. Mtungaji wa Kiarabu anasimulia kwamba mwenye kisiwa, kafiri wa bara, alikubali kukiuza kwa nguo za rangi za kutosha kukizunguka chote, Ali akazitoa, na yule mwenye nchi akahamia bara. Kisha, kwa kuhofu kurudiwa, Ali akachimba mkondo pale ambapo maji yakipwa watu walikuwa wakivuka kwa miguu. Kisiwa kile kina urefu wa zaidi ya maili tatu, na mwenye kupenda hesabu na akae apige hesabu ya majora ya kukizingira, pamoja na mikoko na majabali yake. Wako waliokisoma kisa hiki wakakicheka wakakitupa, na wako waliokipokea kama risiti ya dukani, na nionavyo mimi wote wawili wameukosa mlango. Hadithi za namna hii zinajulikana na kwingine. Watu wa Carthage walisimuliwa kupata ardhi yao kwa ngozi ya ng'ombe iliyochanwa nyuzi nyembamba. Kazi yake ni kazi ya hati ya milki: inasema kwamba nchi hii haikunyang'anywa, ilinunuliwa kwa ridhaa na thamani ikalipwa, na kwa kuwa thamani yenyewe ni nguo, inasema pia, pasipo kutaka, ni bidhaa gani iliyokuwa ikifungua milango kati ya pwani na bara. Kwa swali la Ali alitoa jora ngapi, kisa hiki hakina jibu. Kwa swali la nani alihitaji hati, na ni wakati gani haki yake ilianza kuulizwa, kina mengi.

Shahidi wa tatu ndiye ninayempenda kuliko wote, na kwa hiyo ndiye ninayejihadhari naye zaidi. Ibn Battuta wa Tanja alishuka Kilwa mwaka 1331, akitoka Mogadishu kwa njia ya Mombasa, ambako alilala usiku mmoja tu. Yeye hakusikia, aliona. Wala hakusubiri karne tatu. Hata hivyo, maneno yake yaliandikwa Fez yapata mwaka 1355, naye hakuyaandika kwa mkono wake bali alimsimulia Ibn Juzayy, mwandishi hodari aliyejua kupamba. Kwa hiyo kati ya jicho lililoona na kalamu iliyoandika ipo zaidi ya miaka 20, ziko safari za Uhindi na za mbali zaidi ya hapo, na yuko mtu wa pili.

Anasema kwamba Kilwa ni katika miji mizuri na iliyojengwa vyema, na kwamba majengo yake yote ni ya miti, yameezekwa kwa nyasi. Sasa mtu na atoke mjini Kilwa Kisiwani, afuate ukingo wa mwamba upande wa mashariki, apite chini ya mibuyu mpaka afike Husuni Kubwa, asimame kwenye birika la pembe nane lililochongwa kwa ufundi unaostaajabisha hata leo, azunguke katika vyumba vya jumba hilo vinavyozidi mia, vyote vya mawe na chokaa ya matumbawe. Neville Chittick, Mwingereza aliyechimba mahali hapo, alipata jiwe lililoandikwa jina la al-Hasan bin Sulaiman pamoja na lakabu ya al-Malik al-Mansur, mfalme mwenye kunusuriwa. Naye huyo ndiye sultani, mwenye kunia ya Abu al-Mawahib, aliyempokea Ibn Battuta. Je, msafiri alikosaje kuliona jumba kubwa kama hilo?

Jibu la upesi ni kusema kwamba alidanganya, au kwamba hakufika. Mimi siwezi kulikubali, kwa sababu jina la sultani na kunia yake amezitaja sawasawa, na jambo kama hilo halipatikani kwa kubahatisha. Yawezekana kuwa jumba lilikuwa bado linajengwa, au halijaanzwa. Yawezekana kuwa kwa sababu liko mbali kidogo na mji, katika hesabu ya msimulizi halikuwa sehemu ya mji, na mji wenyewe, kama wachimbaji walivyokuja kuona, wakati huo ulikuwa kwa sehemu kubwa nyumba za miti na udongo. Yawezekana kuwa kumbukumbu za bandari mbili zilichanganyika katika kichwa cha mtu aliyeona bandari nyingi, au kwamba mwandishi wa Fez alilainisha sentensi mbili zikawa moja. Kila moja katika hizi ina uzito wake, nami sioni aibu kuziacha zote zimesimama.

Lakini angalia alichokumbuka vizuri. Alikumbuka kwamba fakiri mmoja wa Yemeni alimsimamisha sultani akitoka katika sala ya Ijumaa, akamwomba nguo zile zile alizovaa, naye sultani akaingia ndani, akavaa nyingine, akampa alizoomba. Kwamba mwana wa mfalme alizikomboa nguo hizo kwa watumwa kumi. Na kwamba sultani, aliposikia watu wanavyousifu ukarimu wake, akaamuru fakiri aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe. Alikumbuka kuwa masharifu wa Hijazi na Iraki walikuwa wakifika Kilwa kupokea fungu lao, na kwamba sultani akipigana na watu wa bara akitenga khumsi ya ngawira kama ilivyoamriwa. Alikumbuka kuwa ndugu yake Daud, aliyetawala baada yake, alikuwa kinyume chake, na mwombaji akimwendea humwambia kwamba mtoaji amekwisha kufa. Mambo haya ndiyo yanayomkaa moyoni mwanachuoni anayesafiri na kuishi kwa takrima za wafalme. Mawe yeye hakuja kuyahesabu. Na katika kisa hicho kilichokusudiwa kuusifu ukarimu, mpe msomaji nafasi ahesabu mwenyewe: watumwa 20, wanaotoka mkono mmoja kwenda mwingine kwa sababu ya kanzu, na msimulizi haoni haja ya kusema walikuwa kina nani, wala wametoka wapi, ingawa mistari michache tu kabla yake amekwisha kuzitaja vita za bara.

Kwa habari za mwaka 1505 tuna bahati ya kuwasikia wapigaji na wapigwaji. Mwezi Julai wa mwaka huo Mreno Francisco de Almeida alitia nanga na merikebu zake, sultani Ibrahim akakimbia, na mji ukatwaliwa. Hans Mayr, Mjerumani aliyekuwa ndani ya merikebu San Rafael, ameandika yaliyotendeka siku ile kwa utulivu wa karani: kwamba makasisi walishuka na misalaba miwili wakiimba, wakaenda hadi kwenye jumba, msalaba ukasimamishwa, Almeida akasali, na baada ya sala watu wote wakaanza kupora bidhaa na vyakula vya mjini. Hakuona haja ya kuzitenganisha sala na uporaji hata kwa aya mpya. Mtu anayeandika hivyo haandiki utetezi, na kwa ajili hiyo namwamini pia anaponieleza habari za nyumba za mawe zenye ghorofa na vichochoro vyembamba: mji huu si ule wa miti na nyasi, na miaka 174 imepita.

Mtungaji wa kitabu cha Kiarabu alikuwa mtoto wa miaka sita mwaka huo. Alipoandika alipokuwa mtu mzima aliwaeleza wageni hao kuwa waharibifu waliokuja kuipeleleza nchi, na hasira yake inasikika; lakini ni hasira ya mtu aliyekua akisimuliwa msiba, na sisi hatuwezi kupambanua katika maneno yake lipi mtoto aliliona na lipi alisimuliwa na wakubwa wake. Kama ningetakiwa kueleza siku ile ilikwendaje, ningemtegemea Mayr. Kama ningetakiwa kueleza siku ile ilibaki vipi katika nyumba za Kilwa, Mayr hana la kunambia.

Na yuko shahidi mwingine wa siku hizo ambaye hana karatasi. Katika makumbusho ya sanaa ya Lisbon kimewekwa chombo cha ibada kilichofuliwa kwa dhahabu mwaka 1506, kazi ya Gil Vicente, kimechongwa mitume waliopiga magoti, nacho kimekuwa fahari ya Wareno kwa muda wa karne tano. Chini yake, kwa herufi zilizozunguka kitako, kimeandikwa kwamba mfalme Dom Manuel aliamuru kifanywe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa. Ni ile dhahabu aliyoitoza Vasco da Gama mwaka 1502, akiwa na mizinga iliyoelekezwa mjini. Mfalme aliandikisha maneno yale ili kumshukuru Mungu na kuwaonyesha watu ukubwa wake, akidhani anaandika sifa. Alichoandika ni ikrari, tena amejitajia mahali, na mali, na mwaka. Mtu wa Kilwa akifika Lisbon na kuinama mbele ya kioo atausoma urithi wake umetiwa muhuri na aliyeuchukua.

Turudi kwenye sarafu. Shida ya Kilwa ni kwamba wafalme wana majina lakini hawana miaka, na mashahidi wa maandiko hawapatani: kitabu cha Kiarabu kinamweka Ali katikati ya karne ya tatu ya Hijra, Barros anamweka baada ya mwaka wa 400 kidogo. Zipo fulusi nyingi zenye jina la Ali bin al-Hasan, na Chittick, baada ya kuzilinganisha na tabaka za udongo alizochimba, alitoa hoja mwaka 1965 kwamba mfalme huyo ni wa karibu na mwaka 1200 wa Miladi. Wengi walimfuata, kwa kuwa udongo ulionekana kuwa shahidi asiye na ukoo. Kisha mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu katika kisiwa cha Pemba, ikafukuliwa hazina ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, na Ali bin al-Hasan akiwamo, zikiwa pamoja na dinari chache za dhahabu za makhalifa wa Kifatimi. Dinari zile, tofauti na fulusi za kwetu, zina tarehe, na tarehe hizo hazivuki karne ya 11. Mfalme akarudi nyuma zaidi ya miaka mia kwa siku moja. Udongo haukuwa umesema uongo; aliyeusikiliza alikuwa amesikia mlio mmoja akautolea hukumu. Na hata hapo yafaa kuhadhari, maana akina Ali na akina Hasan katika ukoo ule si haba, na kusema kwamba Ali wa fedha ndiye Ali wa panya ni kukisia, ijapokuwa ni kukisia kwenye nguvu.

Karibuni, mwaka 2023, wataalamu waliochunguza mifupa ya makaburi ya kale ya miji kadhaa ya pwani walieleza kwamba watu wale walitokana kwa sehemu kubwa na mama wa Kiafrika na kwa sehemu nyingine na baba ambao wengi wao asili yao ni Uajemi, na kwamba mchanganyiko huo ulianza yapata mwaka 1000. Mwaka wa 400 wa Hijra ni 1009. Kizazi kizima cha wanazuoni kilikuwa kimekwisha kukitia kisa cha Washirazi katika sanduku la ngano, na huenda sasa kitakuja kizazi cha kukitoa humo kwa furaha iliyopita kiasi, kikasema kwamba kila neno la kitabu limethibiti, panya na nguo na majahazi.

Wenye furaha hiyo ningewaomba wasome tena mistari ile ambayo Ali anashuka kisiwani kwa mara ya kwanza. Mtungaji, ambaye kitabu chake chote kimekusudiwa kuonyesha kwamba utukufu wa Kilwa umekuja kwa bahari pamoja na wafalme wake, anasema njiani, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba waliposhuka walimkuta kisiwani Mwislamu na baadhi ya watoto wake, na kwamba msikiti ulikuwapo. Mtu huyo ndiye aliyewaeleza wageni habari za mwenye kisiwa, ndiye aliyekuwa mkalimani wa biashara ya nguo, maana yake alijua lugha ya wageni na lugha ya wenyeji. Mtungaji hana faida naye, na baada ya biashara hamtaji tena. Ila jina lake amelihifadhi, na jina hilo halina Shiraz ndani yake. Aliitwa Muriri wa Bari.